Mwalimu Aliyerudi Darasani

Sam Higginbottom alizaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1874, akasoma Marekani. Mwaka 1903 alikwenda Uhindi kuwa mmisionari, akawafundisha vijana wa Allahabad elimu ya uchumi. Lakini vijijini aliona njaa na ardhi iliyochoka, akatambua ya kuwa vitabu vyake havikuitibu. Basi mwaka 1909, akikaribia miaka 35, alirudi Marekani akaketi tena darasani, huko Ohio, ajifunze kilimo. Sisi twaona hilo lilikuwa gumu kuliko safari ya bahari, maana alikuwa mwalimu tayari. Shule yake ya kilimo ilisimama ng'ambo ya mto Yamuna, penye udongo ulioliwa na mvua. Vijana walifunzwa plau ya chuma, na kuwawekea ng'ombe akiba ya majani. Alifariki mwaka 1958. Shule ingalipo, nayo sasa ni chuo kikuu.