Gitare na vidole viwili

Jirani yetu hapa Likasi anauzisha gitare ya marehemu baba yake. Tulipoishika, tukamukumbuka Mwenda Jean-Bosco. Alizaliwa Bunkeya mu 1930. Mu 1952, muji wetu ungali Jadotville, Hugh Tracey alimukuta hapa na gitare, akamurekodi. "Masanga" ikajulikana mbali sana. Gumba na kidole cha pembeni yake tu, lakini ungesema wanapiga watu wawili! Mu 1969 akafika kupiga Newport, Marekani. Na bado muziki peke yake haukumulisha: alitumika benki, tena Gécamines, kama sisi. Ajali ya motokari ilimuua kule Zambia mu 1990. Jirani tumemuomba angojee kwanza: mutoto wake wa pili ameanza kugusa-gusa nyuzi.