Frantz Fanon: Daktari Aliyeuchunguza Ukoloni

Ukiulizwa ueleze athari za ukoloni, huenda ukaanza na ardhi, kodi na kipande. Hujakosea. Lakini kabla hujaweka kalamu chini, mfikirie Frantz Fanon, ambaye aliziona athari hizo wodini.

Alizaliwa mwaka wa 1925 kisiwani Martinique, koloni la Ufaransa. Alilelewa akijiona Mfaransa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alijitolea kuipigania Ufaransa, akajeruhiwa. Jeshini humo akagundua kwamba hata wanaokufa kwa ajili ya uhuru hupangwa kwa rangi ya ngozi. Baadaye alisomea udaktari wa maradhi ya akili mjini Lyon.

Mwaka wa 1953 alianza kazi katika hospitali ya Blida, Algeria. Hapa usipite haraka. Mbinu zilizowafaa wagonjwa wa Kizungu zilishindwa kwa wanaume Waislamu. Fanon alikiri kuwa kosa lilikuwa lake: alikuwa amewaletea maisha ya Kifaransa na kutarajia wapone. Akawafungulia mkahawa wa kienyeji, akamwalika msimulizi wa hadithi, na sikukuu zao zikaadhimishwa.

Vita vya ukombozi vilipozuka Novemba 1954, aliwatibu waliotesa na walioteswa. Afisa mmoja wa polisi, aliyeshinda akiwatesa wafungwa, alikuwa ameanza kumpiga mkewe na wanawe nyumbani. Unadhani aliomba nini? Si kuacha kazi hiyo. Aliomba asaidiwe kutesa bila kusumbuliwa na dhamiri! Fanon aliona kuwa hospitali haiwezi kuponya ugonjwa unaozalishwa upya kila siku nje ya lango lake. Alijiuzulu mwaka wa 1956. Januari 1957 alifukuzwa Algeria, akaenda Tunis kuwatumikia wapiganaji wa FLN.

Kwa maoni yake, mkoloni aliteka kwa nguvu na akatawala kwa nguvu, hivyo hangeondoka kwa kubembelezwa. Wanafunzi wengi huishia hapo na kumwita mpenda vita. Hilo si haki. Kitabu kile kile, kinachojulikana kwa Kiswahili kama Viumbe Waliolaaniwa, kinaonyesha pia majeraha ya akili ya waliopigania uhuru. Tena kinaonya kwamba viongozi wapya wanaweza kukikalia kiti cha mkoloni na kula alivyokula. Ngũgĩ wa Thiong'o alimsoma Fanon akiwa Leeds, nawe ukikutana na kiongozi mnyakuzi katika tamthilia au riwaya unayoitahini, onyo hilo litakusaidia kueleza alikotoka.

Kitabu hicho kilichapishwa mwaka wa 1961, saratani ya damu ikiwa imemlemea. Fanon alifariki Desemba 6 mwaka huo huko Maryland, Marekani, akiwa na umri wa miaka 36. Wenzake waliurudisha mwili wake na kuuzika katika ardhi ya Algeria, miezi saba kabla ya nchi hiyo kupata uhuru.