Daktari Bruce na Mbung'o wa Ziwani

David Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, na wazazi wake walikuwa Waskoti. Alisomea udaktari Edinburgh, kisha akaingia katika jeshi la Uingereza. Mwaka 1887, kisiwani Malta, aligundua kijidudu cha homa iliyowasumbua sana askari. Baadaye, katika nchi ya Wazulu, alionyesha kuwa nagana, ugonjwa wa ng'ombe, huenezwa na mbung'o. Mkewe, Mary, alikuwa msaidizi wake hodari.

Mwaka 1903 alitumwa Uganda, ambako malale yalikuwa yakiua maelfu ya watu kandokando ya ziwa letu hili la Victoria. Daktari Castellani alikwisha kuona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Lakini viliingiaje mwilini?

Bruce aliwaomba machifu na wamishonari wampelekee inzi wa kila mahali, pamoja na habari kama malale yapo au hayapo. Alipotia alama katika ramani, aliona kuwa penye malale pana mbung'o.

Hapo wengi wetu tungefunga daftari. Lakini kando ya ziwa kuna pia samaki, matete na maji ya kunywa. Ramani ile ile ingeweza kumshtaki samaki! Vitu viwili kukaa pamoja si ushahidi kuwa kimoja kimezaa kingine. Basi Bruce aliwaacha mbung'o wawaume wagonjwa, kisha wawaume kima wazima. Kima nao wakapata vijidudu vile vile.

Hata hivyo, alidhani kuwa mbung'o hubeba vijidudu kama sindano chafu tu. Mwaka 1909 Daktari Kleine, Mjerumani aliyefanya kazi upande wetu wa ziwa, alionyesha kuwa vijidudu hukua kwanza ndani ya mbung'o kwa siku nyingi. Bruce aliyarudia majaribio hayo Uganda, akakubali.

Alifariki London tarehe 27 Novemba 1931, siku ya mazishi ya mkewe.

Nasi wa Nkome tuige mfano huo. Tukiambiwa kuwa wanafunzi wa bweni hufaulu kuliko wa kutwa, tusishangilie upesi. Tuulize kwanza: ni bweni lililowafaulisha, au walichaguliwa wakiwa tayari hodari? Hesabu huonyesha mahali pa kutafuta. Jibu hupatikana kwa kujaribu.