Anfinsen: Mwanasayansi aliyenasa protini na kuiachia ikiwa nzima

Ukipimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka, iwe Katubuka au kwingine Kigoma, ule mstari wa majibu hutokea kwa sababu ya kingamwili. Hizo ni protini, na lazima zisafishwe kwanza. Mmoja wa waliofungua njia ya kuzisafisha ni Mmarekani Christian Anfinsen.

Alizaliwa Machi 26, 1916, Monessen, jimbo la Pennsylvania, kwa wazazi wenye asili ya Norway. Mwaka 1939 alikwenda Denmark kusomea protini, lakini Vita vya Pili vya Dunia vikamrudisha nyumbani. Mwaka 1943 akapata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Harvard.

Kazi ya protini ina mtihani wake. Seli moja ina maelfu ya aina zake, na ukitumia moto au kemikali kali kuitoa moja, unaiharibu. Ni kama yai: likishachemka, ndiyo basi.

Anfinsen alionyesha kuwa si lazima iwe hivyo. Protini ndogo iitwayo ribonyukliasi, hata ikikunjuliwa kabisa, inaweza kujikunja yenyewe na kurudi kazini. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972, pamoja na Stanford Moore na William Stein.

Kabla ya hapo, mwaka 1962, yeye na Robert Goldberger waliifunika protini hiyo kwa vibandiko vya kemikali vya muda, yaani vya kubandika na kubandua.

Kisha ukaja mwaka 1968. Akiwa na Pedro Cuatrecasas na Meir Wilchek, alitumia mbinu ambayo mvuvi wa Ziwa Tanganyika ataielewa haraka: chambo. Walichukua punje za agarosi, inayotokana na mwani, wakazifunga molekuli inayopendwa na kimeng'enya kimoja tu. Wakamimina mchanganyiko. Protini nyingine zikapita, ile inayotakiwa ikanasa. Walipoongeza asidi kidogo, ikaachia, safi na bado inafanya kazi.

Usafi huo si urembo. Dawa ya protini yenye uchafu inaweza kumletea mgonjwa mzio badala ya nafuu.

Baadaye Anfinsen alitumia mbinu hizo kusafisha intaferoni, protini ambayo mwili hutumia kupambana na virusi. Alifariki Mei 14, 1995, akiwa na miaka 79. Maabara za leo zina vibandiko vipya vingi, ila kazi ni ile ile: nasa, osha, achia.