Max Planck: Mwanafizikia wa kwanta aliyezika watoto wanne

Mhunzi yeyote wa Kibondo anajua hili: chuma kikikaa kwenye makaa kinakuwa chekundu, ukivukuta zaidi kinageuka njano, halafu kinaelekea weupe. Iwe jembe au panga, rangi zinafuatana vilevile.

Kwa nini? Swali hilo ndilo lililomnasa Mjerumani Max Planck.

Alizaliwa mjini Kiel, Aprili 23, 1858, akakulia Munich. Piano aliipiga kiasi kwamba angeweza kuishi kwa muziki. Alipotaka kusoma fizikia, profesa Philipp von Jolly alimshauri aachane nayo, eti karibu kila kitu kilishagunduliwa. Kijana hakusikia. Akiwa na miaka 21 alishapata udaktari, na mwaka 1889 akahamia Chuo Kikuu cha Berlin.

Oktoba 1900 mwenzake, Heinrich Rubens, alimletea vipimo vipya vya mnururisho wa vitu vyenye joto. Kanuni iliyokuwepo ilikuwa inagoma kulingana navyo. Planck akapata nyingine iliyolingana, ila hakujua kwa nini inalingana! Alihangaika wiki kadhaa, mwisho akakubali jambo ambalo hata yeye hakulipenda: nishati haitiririki kama maji ya bomba, inatoka kwa vipande. Ni kama pesa mfukoni, huwezi kulipa nusu ya sarafu ya shilingi 50.

Aliwasilisha hoja hiyo Berlin, Desemba 14, 1900. Siku hizo Kasulu na Kibondo zilikuwa kwenye ramani ya koloni la nchi yake, Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Namba inayopima ukubwa wa vipande hivyo inaitwa kiwango cha Planck. Tangu Mei 20, 2019, kilo yenyewe duniani inafafanuliwa kwa namba hiyo, ikiwemo kilo ya maharage sokoni Kasulu.

Mwenyewe aliona ni mbinu ya hesabu tu. Albert Einstein alipoenda mbali zaidi mwaka 1905, akasema hata mwanga ni vipande, Planck alimpinga kwa miaka. Leo paneli za sola juu ya mabati zinafanya kazi hivyohivyo: kipande cha mwanga kinagonga, elektroni inatoka. Planck alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1918.

Nyumbani lakini kulikuwa na msiba juu ya msiba. Mke wake, Marie, alifariki 1909. Mwanawe mkubwa, Karl, aliuawa vitani Verdun mwaka 1916, mwaka uleule majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Kigoma kuwaondoa Wajerumani. Binti yake Grete alifariki 1917 baada ya kujifungua. Pacha wake, Emma, akaolewa na mjane huyo, naye akafariki 1919, vilevile baada ya kujifungua.

Mwaka 1933 Planck, akiwa mkuu wa taasisi kubwa ya utafiti ya Kaiser Wilhelm, alikwenda kwa Hitler kuwaombea wanasayansi Wayahudi waliokuwa wanafukuzwa kazi. Hitler aliwaka, mzee akatoka mikono mitupu. Hakujiuzulu, na hapo wengi wanamlaumu mpaka leo. Ila Januari 1935 alifanya kumbukumbu ya Fritz Haber, mkemia mwenye asili ya Kiyahudi aliyefia ugenini, ingawa serikali ilikataza watumishi wake kuhudhuria.

Bado kulikuwa na Erwin, mwanawe aliyekuwa pia rafiki yake wa karibu. Alikamatwa baada ya jaribio la kumuua Hitler la Julai 1944. Baba, mwenye miaka 86, nyumba na karatasi zake zikiwa zimeshateketea kwa mabomu, aliandika barua kuomba mwanawe asinyongwe. Erwin alinyongwa Januari 23, 1945.

Planck alifariki Göttingen, Oktoba 4, 1947, akiwa na miaka 89.