Bramah na Kijana Aliyenyimwa Nyongeza

Mwalimu afungapo ofisi yake jioni, aghalabu hafikirii kwamba ufunguo ulio mkononi mwake umebeba akili na jasho la watu wengi. Lugha yetu imeliunda neno hilo kutokana na kufungua, wala si kufunga. Ni sawa iwe hivyo, kwani kufunga mlango si kazi kubwa. Kazi ni kuufunga kwa namna ambayo mwenyewe ataufungua na mwizi atashindwa. Suala hilo ndilo lililomshughulisha Mwingereza Joseph Bramah.

Bramah alizaliwa mwaka wa 1748 huko Stainborough, Yorkshire, mwana wa mkulima. Alipoumia mguu ujanani, kazi za shamba zilimshinda, akaenda kujifunza useremala. Baadaye alihamia London, akawa fundi wa kuweka vyoo vya maji majumbani. Hakuridhika na vyoo alivyovikuta, hivyo akabuni chake, na mwaka wa 1778 akapewa hati ya kuumiliki uvumbuzi huo.

Mwaka wa 1784 alibuni kufuli. Vitasa vingi vya zama zile vilikuwa na vizuizi vya chuma ambavyo mwizi mwenye waya uliopindwa vyema aliweza kuvikwepa. Ufunguo wa Bramah ulikuwa mfano wa kijibomba, ncha yake ikiwa na mikato yenye vina mbalimbali. Ulipoingizwa, ulivisukuma vibao vyembamba vilivyoshikiliwa na springi, kila kimoja kwa kiasi chake. Vyote vilipofika mahali pake, kufuli lilizunguka. Kimoja kikizidi au kikipungua kidogo tu, halikuzunguka kamwe.

Lakini wazo zuri karatasini si kitu mpaka lipate mkono wa kulitenda. Vipande vile vilihitaji usahihi ambao tupa na nyundo havikuuweza kwa urahisi. Ndipo mwaka wa 1789 Bramah alipomwajiri Henry Maudslay, kijana wa miaka 18 aliyejifunzia kazi katika karakana ya silaha ya Woolwich. Bramah hakuudharau umri wake. Wawili hao waliunda mitambo ya kuchonga vipande hivyo, na kufuli likaweza kutengenezwa kwa wingi.

Kwa majivuno ya haki, Bramah aliweka kufuli moja katika dirisha la duka lake mtaani Piccadilly, akiahidi gini 200 kwa yeyote atakayelifungua bila ufunguo wake. Lilikaa hapo zaidi ya nusu karne. Mwaka wa 1851 Mmarekani Alfred Hobbs alilifungua, baada ya saa 51 za kazi katika siku 16. Bramah alikuwa amekwisha kufa, lakini ahadi ni deni. Hobbs alilipwa.

Naam, kufuli lilishindwa kwa heshima. Aliposhindwa Bramah mwenyewe ni kwingine. Maudslay alikuwa amepanda hadi kuwa msimamizi wa karakana, naye ana familia ya kulisha. Aliomba aongezewe mshahara wake wa shilingi 30 kwa juma. Bramah alikataa. Mwaka wa 1797 Maudslay akaondoka, akafungua karakana yake. Humo aliunda mashine ya kukata parafujo kwa usahihi mkubwa, na mikononi mwake wakapita mafundi kama Richard Roberts, James Nasmyth na Joseph Whitworth, waliokuja kuwa nguzo za uhandisi wa Uingereza.

Bramah hakukoma kuvumbua. Mwaka wa 1795 alikuwa amebuni shinikizo linaloendeshwa kwa nguvu ya maji, na mwaka wa 1806 akabuni mashine ya kuchapa nambari kwenye noti za benki. Alifariki Desemba 1814. Hata hivyo, karakana iliyozaa kizazi cha wahandisi ilikuwa ya yule aliyenyimwa nyongeza.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Sisi walimu hutambua haraka mwanafunzi anayejibu maswali ya karatasini, lakini huchelewa kumtambua yule mwenye mkono stadi. Na hata tukimtambua, huishia kumsifu tu. Bramah alikitambua kipaji cha kijana wa miaka 18, jambo ambalo wengi wetu hatujalifikia. Alichokosa ni kukilipa. Sifa pekee hailishi familia, na fundi asiyetunzwa kwao atatafuta kwingine pa kuchezea.