Mwana wa Mugaya: Mwalimu Nyerere na Wazee Waliomlea

Katika kitabu hiki cha maadhimisho ya hekalu letu tumezoea kuwakumbuka watakatifu na wafadhili. Safari hii tumeona ni vema tumkumbuke jirani. Atokaye Bariadi akapita Lamadi, kisha Bunda, hufika Butiama siku hiyo hiyo, na huko ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, tarehe 13 Aprili 1922. Habari za uongozi wake zimeandikwa kwa wingi. Sisi tunapenda kuzungumza juu ya wale waliomtangulia, yaani wazee waliomlea kabla dunia haijamjua.

Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, mwenye wake 22. Mama yake, Mugaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Jina Kambarage alilopewa ni la mzimu wa mvua, nasi wakulima wa pamba na mtama wa Simiyu hatuhitaji kuelezwa uzito wa jina la namna hiyo. Katika mji wenye wake wengi, kila mama ana nyumba yake na jiko lake. Kwa hiyo mtoto wa mtemi alikulia kwa mama yake, akachunga mbuzi, akashika jembe pamoja naye. Utemi wa baba haukumwondolea kazi hata moja. Jioni aliweza kuwaona wazee wakiketi na kuzungumza jambo mpaka wapatane, na miaka mingi baadaye aliutaja utaratibu huo kuwa ndiyo demokrasia aliyoikuta nyumbani.

Yupo mzee wa tatu, ambaye watu wengi humsahau. Mtemi Mohamed Makongoro Ihunyo wa Ikizu alikuwa rafiki wa Burito. Inasimuliwa kwamba alimfundisha kijana Kambarage kucheza bao, na haukupita muda mwanafunzi akaanza kumshinda mwalimu. Mzee mwingine angeona haya kushindwa na mtoto mchunga mbuzi. Makongoro alifurahi, akamshauri Burito ampeleke kijana shule. Tukitafakari, hapo palikuwa pembamba sana: mchezo mmoja, jicho moja la mzee asiyekuwa hata baba wa mtoto, na neno moja lililosemwa kwa wakati wake.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita zipatazo 40 kutoka kwao. Kutoka hapo akaenda Tabora, kisha Makerere, kisha Edinburgh. Baba yake alifariki mwaka 1942, naye mwana alikuwa bado mwanafunzi. Hakupata kuuona utu uzima wake. Mama alibaki. Aliporudi kutoka Uskoti mwaka 1952 akiwa na shahada, alijenga nyumba Butiama kwa mikono yake mwenyewe, jambo lililowashangaza waliodhani msomi hashiki udongo.

Malezi hayo yalionekana katika kazi zake. Mwaka 1962 alipoeleza siasa aliyoitaka kwa nchi, alichagua neno Ujamaa, akautafuta msingi wake katika ukoo wa Kiafrika, ambamo mgeni hulishwa na yatima ana pa kulala. Mwaka 1974 chama cha TANU kilikutana Musoma, mji ule ule alikojifunza kusoma, kikaazimia watoto wote wa nchi waingie shule ya msingi kufikia mwaka 1977. Alikuwa mtoto aliyeingia shule kwa neno la mzee mmoja. Sasa hakutaka mtoto mwingine angojee bahati ya namna hiyo.

Kwa jamii yetu hatuwezi kuupita mwaka 1961, Bunge lilipojadili sheria ya uraia. Wapo waliotaka uraia ufuate rangi ya mtu. Mwalimu alikataa katakata, akawa tayari kujiuzulu kuliko kukubali. Kweli, utaifishaji wa majengo wa mwaka 1971 uliwafanya Waasia wengi waihame nchi, na jambo hilo lingali likizungumzwa majumbani. Yote mawili ni ya mtu mmoja. Mwaka 1995 Serikali ya India ilipoanzisha Tuzo ya Amani ya Gandhi, wa kwanza kupewa alikuwa yeye.

Mwezi Novemba 1985 aling'atuka urais akarudi Butiama. Alikuwa na umri wa miaka 63, na mama yake alikuwa hai. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Aliyeondoka nyumbani kwa mama yake akiwa mtoto wa miaka 12 alirudi kijijini mle mle akiwa mzee mwenye mvi, akashika jembe, akacheza bao na wenzake, na Bi Mugaya yupo. Wawili hao waliishi jirani miaka 12 mingine, hadi mama alipofariki mwaka 1997.

Mwalimu mwenyewe alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Miongoni mwa wanawe, mmoja anaitwa Burito na mwingine Makongoro. Alizikwa Mwitongo, kwao Butiama, karibu na makaburi ya baba yake na mama yake.